Salum Abdallah: Mtunzi aliyeijengea Morogoro bendi, na swali la nani mwenye wimbo

Na Mwandishi Wetu, Lyulilo

KILA Jumamosi asubuhi, mitumbwi iliyosheheni vyungu hupita chini ya Milima ya Livingstone na kufika hapa Lyulilo, kijiji kilicho jirani na Matema, wilayani Kyela, mkoani Mbeya.

Vyungu hivyo ni kazi ya akina mama wa Kikisi wa Ikombe. Wao ndio wanaochimba udongo, wanaofinyanga na wanaochoma, na sokoni wao ndio wanaotaja bei. Mnunuzi akishalipa, fedha huishia kwenye kibindo cha aliyefinyanga, na hapo shughuli inakuwa imekwisha.

Pembeni ya soko kama hili hakukosekani redio inayopiga nyimbo za zamani, zile ambazo Watanzania wamezoea kuziita zilipendwa. Wazee huzitikisia vichwa na vijana huzisikiliza kwa udadisi. Ni wachache miongoni mwao wanaojiuliza kama aliyeutunga wimbo huo alipata sehemu yake, kama yule mama wa Ikombe anavyopata yake.

Swali hilo ndilo linalotufanya leo tumkumbuke marehemu Salum Abdallah Yazidu, mtunzi, mwimbaji na mwanzilishi wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro. Ukizungumzia historia ya muziki wa dansi nchini, huwezi kuliacha jina lake.

Alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza walioubeba muziki huo kutoka kwenye burudani ya mtaani na kuufanya kazi yenye jina, yenye bendi na yenye santuri zilizovuka mipaka.

Neno 'jazz' lilivyoingia nchini

Kabla ya kumfikia Salum, ni vema msomaji akalifahamu neno lililokuwa likibebwa na bendi nyingi za enzi zake.

Dar es Salaam Jazz Band, inayotajwa kuwa miongoni mwa bendi kongwe kabisa nchini, ilianzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz Band ilifuata mwaka 1944, na Kilwa Jazz na Western Jazz zikaja mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hata hivyo, anayetafuta ndani ya bendi hizo muziki wa New Orleans au Chicago hataupata. Kwa Watanganyika wa wakati ule, 'jazz' lilimaanisha kundi lolote la vijana waliovaa nadhifu, wenye magita, ngoma za kisasa na pengine tarumbeta au saksafoni, waliopiga muziki wa kuchezwa kwa jozi ukumbini.

Mizizi ya utamaduni huo ilikuwa ndani zaidi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, miji ya pwani ilikuwa na ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za wazungu, sare zao na vyeo vyao. Wapenzi wa beni waligawanyika katika makundi yaliyoshindana vikali, maarufu yakiwa Marini na Arinoti.

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ndugu wa ngoma hiyo ni mganda, unaochezwa kwa mistari iliyonyooka na hatua za gwaride. Wachezaji wake hutoka wakiwa wamevaa nadhifu, na kijiji kimoja hukialika kingine kushindana. Kwa hiyo, hata mkazi wa huku ziwani ambaye hakuwahi kuiona Morogoro aliufahamu vema ushindani uliozizaa bendi za dansi.

Bendi zilirithi mambo mawili kutoka huko: ari ya kushindana, na mtindo wa klabu, ambapo wanachama walichanga fedha, wakanunua vyombo na kuwa na viongozi wao. Ni mfumo uliojenga vizuri umoja wa kundi, lakini haukuwa na jibu la wazi kuhusu nani mwenye wimbo uliotungwa ndani ya klabu.

Kijana wa Morogoro na santuri za Cuba

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Jina lake lote lilifupishwa na wapenzi wake kwa herufi tatu, SAY, yaani Salum Abdallah Yazidu.

Mji aliokulia haukuwa mji uliolala. Reli ya Kati ilikuwa imefika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, na hadi mwaka 1914 ikawa imefika Kigoma. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yaliwavuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Kwa sababu hiyo, Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya kambini na ya ukumbini, na mtu akitunga wimbo kwa Kiswahili alikuwa na hakika ya kueleweka na wote.

Kupitia reli na maduka ya wafanyabiashara, mji ulipata pia gramafoni na santuri. Hapo ndipo Cuba inapoingia katika simulizi hii.

Mwaka 1933, kampuni ya His Master's Voice ya Uingereza ilianza kutoa mfululizo wa santuri zilizobandikwa herufi GV. Nyingi zilikuwa na nyimbo za makundi ya Cuba, na soko lake kubwa likawa Afrika. Kuanzia Kongo hadi pwani ya Afrika Mashariki, vijana walizisikiliza hadi wakakariri midundo na hata maneno ya Kihispania wasiyoyajua maana.

Wataalamu wa muziki wanaeleza kuwa haikuwa ajabu santuri hizo kupendwa. Midundo ya Cuba ilikuwa imebeba urithi wa Waafrika waliochukuliwa utumwani karne kadhaa zilizopita. Ilikuwa ni kama mtoto aliyepotea kurejea nyumbani akiwa amevaa nguo za ugenini. Sura yake ilifahamika.

Salum alikuwa mmoja wa vijana walioshikwa na muziki huo. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20, aliunda kundi lake na kuliita La Paloma, neno la Kihispania lenye maana ya njiwa. Jina hilo ni la wimbo mashuhuri wa karne ya 19 wa mtunzi wa Kihispania, Sebastián Iradier, wenye mdundo wa habanera uliotoka Havana.

Baadaye kundi hilo likabadili jina na kuwa Cuban Marimba. Jina jipya lilikuwa na maana pana kuliko lilivyoonekana. Marimba ni neno la Kibantu linalofahamika vema kwa Waswahili, ambalo lilivuka bahari pamoja na watumwa na kukita mizizi huko Amerika. Kwa hiyo kijana wa Morogoro alipoiita bendi yake 'marimba ya Kikuba', alikuwa akilirejesha neno la nyumbani.

Alichokitunga

Sifa ya Salum haikutokana na kuiga. Bendi zilizoweza kunakili rumba, bolero na chacha zilikuwa nyingi. Yeye aliyachukua mapigo hayo na kuyavika Kiswahili kilichokuwa kikizungumzwa majumbani na mitaani.

Muziki wake ulisimama juu ya magita yanayojibizana, ngoma za mkono na manyanga, huku sauti za waimbaji zikipangwa kwa mpokezano. Nyimbo zilikuwa fupi, si kwa kupenda bali kwa kulazimika: upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba muziki wa takriban dakika tatu tu. Mtunzi alitakiwa aseme lake, aache kipande cha magita, kisha amalize.

Wimbo uliotambulika zaidi ni Ngoma Iko Huku. Jina lake peke yake ni tangazo la biashara. Katika mji wenye kumbi zaidi ya moja na bendi zaidi ya moja, kumwambia mpita njia kwamba ngoma iko huku ni kumwita aache kule aendako.

Alitunga pia nyimbo za mapenzi, za mafundisho ya maisha na za nchi iliyokuwa ikielekea kujitawala. Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961, na bendi za dansi zilikuwa sehemu ya shangwe hizo. Salum aliuona muongo mzima wa harakati za Uhuru akiwa jukwaani.

Santuri zilivyopatikana

Katika miaka hiyo, mwanamuziki wa Tanganyika aliyetaka santuri ilimbidi aangalie nje ya mipaka. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, na wafanyabiashara wakubwa wa muziki walikuwa Mombasa na Nairobi.

Jambo hilo halikuwa geni. Siti binti Saad wa Zanzibar, mwimbaji wa taarab, alisafirishwa na wenzake hadi Bombay, India, mwaka 1928 kwenda kurekodi, na santuri zao zikauzwa kote katika ukanda wa Waswahili. Tangu mwanzo, mtunzi wa Afrika Mashariki alikaa upande mmoja wa bahari, na mtambo ukakaa upande mwingine.

Cuban Marimba ilifanya kazi na Mzuri Records ya Mombasa, lebo iliyokuwa mali ya kampuni ya Assanand and Sons, wauzaji mashuhuri wa santuri na vyombo vya muziki. Nyimbo za Salum zilizohifadhiwa hadi leo ni za kati ya mwaka 1955 na 1965, muongo ambao bendi ilikuwa kileleni.

Utaratibu wa kawaida wa lebo za Afrika Mashariki wakati huo ulikuwa kumlipa mwanamuziki mara moja kwa kila wimbo aliorekodi. Akishapokea fedha yake na kutia sahihi, iwapo kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi, santuri ingeuzwa mia au elfu bila yeye kudai zaidi.

Tusiwalaumu wafanyabiashara peke yao. Wao ndio waliogharimia mitambo, usafiri na uchapishaji, na ndio waliopata hasara santuri isiponunuliwa. Bila wao tusingekuwa na sauti hizo leo. Lakini mfumo wenyewe ulimfanya mtunzi awe kibarua wa siku moja katika kazi ambayo ingeendelea kuuzwa kwa miaka.

Fedha ya kila wiki ilitoka kwingine, yaani mlangoni. Kiingilio cha ukumbini ndicho kilichoilisha bendi, na hapo ndipo Salum alipodhihirisha kuwa si mtunzi tu bali pia kiongozi wa shughuli. Kuanzisha kundi, kulipa jina linalouzika na kulifikisha studio ni kazi ya mjasiriamali, hata kama neno hilo halikuwa likitumika wakati huo.

Redio nayo ilisaidia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikaanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa njia hiyo jina la bendi ya Morogoro lilivuka milima na kufika sehemu ambazo basi la bendi lisingefika kwa urahisi, zikiwamo hizi za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Mwenzake wa ng'ambo

Ili kuelewa kilichokosekana Morogoro, inafaa kumtazama mtu mwingine aliyefanya kazi inayofanana na ya Salum upande wa pili wa dunia. Huyo ni Clarence Williams, Mmarekani mweusi, mmoja wa watunzi na wafanyabiashara wa mwanzo kabisa wa muziki wa jazz.

Williams alizaliwa katika muongo wa 1890 huko Plaquemine, jimbo la Louisiana. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi aliondoka nyumbani na kufuatana na kundi la maigizo lililokuwa likizunguka. Baadaye aliishi New Orleans akifanya vibarua, akijifunza piano na kupiga katika nyumba za starehe.

Kilichomtofautisha na wapiga piano wenzake ni kwamba aligundua mapema fedha ya muziki iko wapi. Katika muongo wa 1910, yeye na mpiga fidla Armand Piron walianzisha kampuni ya kuchapisha nyimbo. Alihamia Chicago, kisha New York mwanzoni mwa miaka ya 1920, na huko akafungua ofisi yake katika eneo la Broadway, kitovu cha biashara ya muziki nchini humo.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilikuwa imeweka malipo ya senti mbili kwa kila nakala ya santuri yenye wimbo uliosajiliwa. Senti mbili si kitu, lakini santuri ikiuzwa nakala 100,000 zinakuwa dola 2,000, na wimbo huohuo ukirekodiwa na bendi nyingine, hesabu inaanza upya. Williams aliielewa hesabu hiyo kuliko wengi.

Kati ya mwaka 1923 na 1928 alisimamia rekodi za wasanii weusi wa kampuni ya Okeh. Kundi lake la Blue Five liliwakutanisha Louis Armstrong na Sidney Bechet kabla dunia haijawajua vizuri. Ndiye aliyepiga piano mwaka 1923 katika santuri ya kwanza ya Bessie Smith iliyotoka, Downhearted Blues, iliyouzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala.

Hata hivyo, historia yake ina doa. Bessie Smith aliachana naye mwaka huohuo wa 1923, baada ya kubaini kuwa nusu ya malipo yake ya kurekodi ilikuwa ikiishia kwa Williams kwa mujibu wa mkataba aliotia sahihi. Mtunzi Charles Warfield alidai kuwa wimbo Baby Won't You Please Come Home, unaobeba majina yao wawili, ulikuwa wake peke yake. Naye Armstrong alieleza kuwa ndiye aliyeutunga wimbo uliokuja kujulikana kwa jina la I Wish I Could Shimmy Like My Sister Kate, uliochapishwa na kampuni ya Williams na Piron kwa jina la Piron, na kwamba hakulipwa.

Kwa maneno mengine, karatasi ileile iliyomtajirisha mtunzi mweusi aliyeielewa iliwaumiza watunzi weusi wasioielewa.

Mwaka 1943, Williams aliiuzia kampuni ya Decca hazina yake ya nyimbo, zinazotajwa kuzidi 2,000, kwa dola 50,000. Alistaafu na kuendesha duka dogo huko Harlem. Alifariki New York Novemba 6, 1965.

Mwaka mmoja, mwisho tofauti

Mwaka huohuo wa 1965, Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari. Alikuwa hajafikisha umri wa miaka 40, na bendi yake ilikuwa miongoni mwa bendi zinazopendwa zaidi nchini.

Watu hao wawili hawakuwahi kukutana, na hakuna sababu ya kudhani kuwa mmoja alimsikia mwenzake. Lakini kila mmoja alikuwa mtunzi, kiongozi wa bendi na mtafutaji katika biashara iliyokuwa changa. Tofauti yao ni kwamba Williams alikuwa na kitu cha kuuza alipochoka. Nyimbo zake zilikuwa na hati, na hati zilikuwa na bei.

Kwa watunzi wengi wa dansi wa Afrika Mashariki, urithi ulikuwa jina, santuri chache na kumbukumbu za wapenzi wao.

Kifo cha Salum hakikuizima bendi. Juma Kilaza alishika uongozi wa Cuban Marimba na kuiendesha kwa miaka mingi kwa mtindo ulioitwa Ambiance. Upande wa pili wa mji, Morogoro Jazz ilikuwa imempata kijana aliyeitwa Mbaraka Mwinshehe, aliyejiunga nayo katikati ya miaka ya 1960. Ushindani wa bendi hizo mbili uliifanya Morogoro ijulikane kama moja ya ngome kuu za muziki wa dansi.

Morogoro Jazz ilifika hadi Osaka, Japan, katika maonyesho ya dunia ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha na kuunda Super Volcano. Naye barabara ilimchukua. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Mji mmoja ukawa umewapoteza magwiji wawili kwa namna ileile, katika muda usiozidi miaka 14.

Nyimbo zilizofanya kazi bila wenyewe

Yaliyowakuta watunzi wengine wa bara hili yanaonyesha ukubwa wa jambo hili.

Mwaka 1939, Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo Mbube huko Johannesburg, na inaelezwa kuwa aliiachia kampuni haki zake kwa shilingi 10. Wimbo huo ulizaa The Lion Sleeps Tonight, ukazunguka dunia na kuingia katika filamu. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006, baada ya mawakili kufukua kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 kilichorejesha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi.

Karibu zaidi na nyumbani uko wimbo Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kutambuliwa kama mtunzi, huku Adam Salim, mzaliwa wa Tanzania, akidai hadi mwisho kuwa ndiye aliyeutunga. Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M na Angélique Kidjo wote wameuimba. Mzozo wa umiliki haukumzuia yeyote kuupiga. Ulichozuia ni fedha kujua njia ya kufuata.

Kwa upande wa Salum, nyimbo zake zilirejea sokoni mwaka 2000, pale kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilipotoa diski iliyobeba jina la Ngoma Iko Huku, yenye rekodi zake za mwaka 1955 hadi 1965. Kupitia diski hiyo, wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walimfahamu mtu ambaye vijana wengi wa nchini mwake walikuwa hawamfahamu.

Sheria inasemaje

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya kifo cha Salum. Sheria hiyo ilifuatiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, iliyoweka msingi wa kuanzishwa kwa COSOTA, chombo kinachosajili kazi za watunzi Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na chombo chake.

Sheria ya mwaka 1999 ilitambua haki ya mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, kwa mtunzi aliyefariki mwaka 1965, miaka hiyo ilitimia mwishoni mwa mwaka 2015.

Maana yake ni nzito. Santuri zilipokuwa zikiuzwa kwa wingi, mfumo wa kulipa haukuwapo. Mfumo ulipokuja, santuri zilikuwa zimeshakuwa za makabatini. Na watu wa nje walipozifufua, saa ya sheria ilikuwa imebakiza miaka 15 tu kwa mtunzi aliyefariki mwaka 1965.

Isisahaulike pia kwamba katika wimbo mmoja mna haki zaidi ya moja. Kuna haki ya aliyetunga maneno na sauti, na kuna haki ya aliyegharimia rekodi. Mwenye rekodi si lazima awe mwenye wimbo. Kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kulikowapoteza wengi.

Funzo kwa watunzi wa leo

Leo mambo yamebadilika, lakini si yote. Msanii wa Kyela hahitaji tena kwenda Mombasa kurekodi; studio ziko mijini na simu ya mkononi inatosha kuusambaza wimbo duniani. Kwaya, vikundi vya ngoma na vijana wa muziki wa kizazi kipya wanarekodi kila siku.

Kinachobaki vilevile ni makubaliano ya mdomo. Mtunzi analeta wimbo, mwenye studio anatoa mtambo, rafiki anatoa nauli, na wimbo ukipendwa kila mmoja anajiona mwenyewe. Kilichomkuta Bessie Smith mwaka 1923 kinaweza kumkuta kijana wa hapa mwambao mwaka huu.

Kutokana na historia hii, mambo manne yanafaa kuzingatiwa na kila mtunzi.

Kwanza, aandike tarehe na majina ya walioshiriki kutunga siku ileile wimbo unapokamilika. Pili, ausajili katika chombo kinachohusika kabla haujaanza kupigwa. Tatu, asitie sahihi mkataba asiousoma au kusomewa na mtu anayemwamini, na aulize wazi iwapo anauza rekodi, wimbo, au vyote viwili. Nne, awaeleze warithi wake nyaraka ziko wapi, kwani haki ya mtunzi huendelea kuishi baada yake.

Hapa Lyulilo, jua linapopanda, vyungu vingi huwa vimeshapata wenyewe na mitumbwi huanza kurejea Ikombe. Chungu kikishauzwa kimeuzwa. Aliyekifinyanga hana madai tena kwa kila ugali utakaopikwa ndani yake. Wimbo si chungu. Kila unapopigwa, kazi ya aliyeutunga inatumika upya, na ndiyo maana unahitaji hati ambayo chungu hakiihitaji.

Kwa mtunzi aliyefariki mwaka 1965 kama Salum, muda huo wa sheria umeshakwisha. Kinachobaki ni deni dogo ambalo halina ukomo wa miaka: kulitaja jina lake kila Ngoma Iko Huku inapopigwa redioni au kurudiwa na bendi jukwaani.

Mungu aiweke roho ya marehemu Salum Abdallah Yazidu mahali pema peponi. Amina.